Sinia Lililogongwa Mara Moja

Basi lilimshusha msafiri saa nne asubuhi mbele ya banda la fundi wa matairi, katika mji ambao hakuwa na shida nao. Tiketi yake ilikuwa ya kwenda mbali zaidi, mwendo wa siku moja na nusu, lakini gego moja la chini lilikuwa limemkosesha raha tangu daraja la pili, na kila tuta la barabarani lilimpiga mpaka sikioni. Alikuwa mtu wa kuzunguka dunia. Alijua kuomba maji, kuuliza njia na kutaka radhi kwa lugha sita, na sasa, akiwa ameshika shavu, hakuweza kusema sawasawa hata kwa moja.

Fundi wa matairi alimtazama mara moja tu.

"Nenda kwa Koleo," akasema. "Shuka na ukuta huu. Ukisikia harufu ya karafuu, umefika."

"Koleo ndiye daktari?"

Fundi alifikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa jambo lenye kesi mahakamani. "Daktari yupo," akasema. "Lakini wewe nenda kwa Koleo."

Harufu ya karafuu ilikuwepo kweli, na chini yake harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Chumba cha kungojea kilikuwa na viti saba vya plastiki, bango la mswaki mkubwa unaotabasamu, na wanaume wawili waliokaa mbalimbali bila kuzungumza. Vyumba vya kungojea vya matabibu wa meno vinafanana kila mahali: hapo ndipo pekee ambapo watu hawagombanii zamu. Mmoja alimwambia msafiri atangulie, yeye hana haraka. Wa pili akasema hata yeye.

Aliyetoka kumwita alikuwa mwanamke mfupi wa miaka thelathini na minane, aproni nyeupe iliyofuliwa mpaka ikawa nyembamba, mikono midogo yenye kucha zilizokatwa kama za mtoto wa shule. Msafiri akaanza kumwita daktari, naye akamkatiza kabla hajamaliza neno.

"Mimi si daktari. Daktari huja Jumanne na Ijumaa, na leo ni Jumatatu. Mimi ni msaidizi wake. Niite dada, au Koleo kama wenzako, nimeshazoea. Fungua."

Alimpiga picha ya jino kwa mashine iliyokunjwa ukutani kama mguu wa panzi, kisha akaingiza mikono yake katika kisanduku cheusi chenye mikono miwili ya kitambaa kama soksi na kuisafisha ile filamu gizani, kwa kupapasa, macho yake yakitazama dirishani. Akiwa katika hali hiyo, kama mtu aliyefungwa pingu, akauliza swali ambalo halikuhusu jino.

"Basi lenu lilikuwa na gunia la barua?"

Msafiri alikumbuka gunia moja la kijani lililokuwa chini ya kiti cha dereva. Akatikisa kichwa kukubali.

"Limevimba au limelegea?"

Hilo hakuliangalia. Koleo akasema si kitu, barua za basi la Jumatatu huchambuliwa mpaka Jumatano, na barua yake ilikuwa bado haijazidi siku zake. Ilikuwa barua ya chuo. Alikuwa ameomba nafasi ya kusomea udaktari wa meno, na hii ndiyo ilikuwa njia ya mwisho iliyobaki wazi, kwa sababu chuo hakimpokei mtu aliyetimiza miaka arobaini. Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya sabuni.

Filamu ilipotoka, ikidondoka maji, aliishika kwa kingo na kupitisha kidole gumba kwenye pembe yake. Akapitisha tena. Akaitundika kwenye kisanduku cha taa, kisha akaitundua, akapapasa mara ya tatu. Msafiri akamuuliza anatafuta nini. Koleo akamweleza kuwa kila filamu ina kipele kidogo kwenye pembe, kidogo kama punje ya mchele iliyovunjika. Kipele kikitokeza upande wako, picha imekaa sawa. Ukikuta kishimo badala ya kipele, umeigeuza, na kulia kumekuwa kushoto.

"Na lazima kupapasa mara tatu?"

"Mara moja inatosha," akasema. "Mimi nimekuwa mwoga."

Akamwekea pamba yenye mafuta ya karafuu, akaziba juu kwa dawa ya muda, akamwambia arudi Jumatano kubadilisha, na Ijumaa Daktari ataamua kama jino linabaki au linaondoka. Msafiri akatafuta chumba cha kulala wageni karibu na banda la fundi, akafungua begi lake kwa mara ya kwanza katika wiki mbili.

Koleo hakuzaliwa mwoga. Jina lenyewe alipewa na mjomba wake akiwa na miaka kumi. Watoto wote wa ukoo waliokuwa na meno yanayocheza waliletwa kwake. Hakutumia uzi wala mlango. Alimkalisha mtoto kwenye ngazi, akamuuliza kwa upole jina la mwalimu wake wa darasa, na mtoto akifungua mdomo ajibu, jino limeshakuwa kiganjani kwa Koleo na jina la mwalimu bado halijatoka. Mjomba alisema huyo si mtoto, ni koleo lenye miguu. Likamganda.

Mwaka wa mwisho wa shule waligawiwa fomu za kuandika kazi tatu wanazozitaka, kwa kufuata upendeleo. Wenzake waliandika rubani, wakili, mhandisi. Yeye aliandika daktari wa meno kwenye mstari wa kwanza, daktari wa meno kwenye wa pili, na daktari wa meno kwenye wa tatu. Darasa zima lilicheka fomu ilipopita mikononi. Mwalimu wa sayansi, mwanamke mwembamba aliyekuwa hatabasamu mpaka likizo, hakucheka.

"Fomu inataka chaguo tatu," Mwalimu alisema.

"Nimeandika tatu, Mwalimu."

Mwalimu akaitazama fomu kwa muda, akaweka sahihi.

Nyumbani mjomba alipata mchezo wa mwezi mzima. Daktari wa kweli, alisema, hutibu mtu mzima, kutoka utosini mpaka ukuchani. Huyu mpwa wake atamtibu mtu kuanzia wapi mpaka wapi? Atakuwa daktari mpangaji, wa chumba kimoja. Watu wakacheka, na mama yake akacheka pia, na kama kawaida yake akafunika mdomo kwa kiganja, kwa sababu meno yake manne ya mbele yalikuwa yameondoka siku nyingi. Koleo alikitazama kile kiganja.

Matokeo ya mtihani yalipotoka, alikosa alama moja ya fizikia. Moja. Mwalimu wa sayansi alikuja mwenyewe mpaka nyumbani, akakataa kukaa, akaeleza akiwa mlangoni. Mlango wa mbele umefungwa, alisema, ila upo wa nyuma: binti asome mwaka mmoja wa usaidizi, afanye kazi chini ya daktari, na daktari huyo akiridhika naye atamwandikia barua, aingie chuoni pamoja na watu waliotoka kazini. Mradi asifike miaka arobaini. Mama yake akasema miaka arobaini ni mbali. Wakati huo ilikuwa mbali kweli.

Ndivyo alivyofika kwa Daktari, na hapo alikaa miaka kumi na mitano.

Daktari hakuwa mtu mbaya. Watu wabaya ni rahisi kuwaacha. Alikuwa mrefu, mtanashati, mwenye mikono mizuri na tabia ya kuimba puani akiwa anachimba jino. Alifanya kazi pia katika hospitali kubwa ya mji mwingine, na kadiri miaka ilivyokwenda siku zake hapa zilipungua, kutoka tano hadi tatu, kutoka tatu hadi mbili. Siku zilizobaki zilikuwa za Koleo. Alisafisha meno, alibadilisha dawa, na mtu akija na jino linalomtoa machozi siku ya Alhamisi, aling'oa. Mji ulijua. Daktari alijua. Karatasi ndizo zilizokuwa hazijui. Aliwahi kupata mchumba, fundi wa redio, aliyemwambia baada ya miezi minane kwamba hawezi kulala na mtu anayenukia karafuu na vinywa vya watu. Koleo akamjibu kwamba yeye naye ananukia risasi ya kuchomelea, na wakaachana bila ugomvi.

Kuanzia mwaka wa tano aliomba barua. Kila mwaka Daktari alimjibu kwa upole uleule, mkono begani: "Mwaka ujao, binti yangu. Ukiondoka, nani atanishikia taa?"

Na kulikuwa na jambo la sinia. Chumba kile kilikuwa na desturi yake, isiyoandikwa popote: msaidizi hamkosoi daktari mbele ya mgonjwa, kwa sababu mgonjwa aliyelala chali mdomo wazi akisikia watu wawili wanabishana juu yake, atainuka na kwenda zake. Lakini kosa ni kosa. Kwa hiyo wao wawili walikubaliana alama. Koleo akiona jambo haliko sawa, ganzi haijashika, au kifaa sicho, aligonga sinia la vifaa mara mbili kwa mpini wa kioo cha mdomo. Ko, ko. Daktari angesimama, angejifanya anarekebisha taa, angetazama upya. Mlio mmoja haukuwa kitu. Kifaa kikiwekwa chini hulia mara moja. Mara mbili ndiyo ilikuwa sauti ya Koleo, na kwa miaka kumi na mitano mgonjwa hata mmoja hakuwahi kuitambua. Daktari alikuwa akimsifu, wakati huo, kwamba ana macho mpaka kisogoni.

Alipotimiza miaka thelathini na minane, Daktari hatimaye alikubali. Aliiandika barua mwenyewe, akaiweka kwenye droo ya meza yake, akasema ataitia sahihi akipata nafasi. Koleo alikuwa akifuta vumbi la meza ile kila asubuhi.

Jumatano msafiri alirudi, shavu limepungua, lugha zake zikianza kumrudia. Alimkuta Koleo amesimama katikati ya chumba cha kungojea, anasoma karatasi mbili. Alizisoma mpaka mwisho, akazikunja, akazitia mfukoni mwa aproni, akasema, "Karibu ndani," akaitoa pamba ya zamani. Akamjaza mgeni pamba mpya pande zote za ulimi, akamweka bomba la kunyonya mate, na ndipo akaanza kumsimulia. Pengine alisimulia kwa sababu huyu alikuwa mpita njia. Pengine kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa na hauwezi kusema pole.

Ilikuwa Jumanne moja, miezi mitano nyuma. Ijumaa iliyotangulia alikuwa amegonga sinia, na mgonjwa siku hiyo alikuwa tabibu mwenzake Daktari kutoka hospitali kubwa. Daktari alisimama, akatazama upya, akakuta kila kitu kiko sawa. Koleo alikuwa amekosea. Baadaye, akinawa mikono, Daktari alimwambia bila hasira kwamba akiendelea kumgongea hivyo, watu watadhani yeye ndiye daktari. Asome kwanza, ndipo agonge. Barua ilikuwa kwenye droo, bila sahihi.

Basi Jumanne akaja Mwalimu. Yule yule, wa sayansi, sasa amestaafu. Alikuwa na magego mawili ya chini yaliyozibwa zamani, moja kila upande, na maumivu yaliyokuwa yakihama: leo upande huu, kesho ule, na tangu alfajiri amekunywa dawa ya kutuliza kiasi kwamba hakuweza kuapa ni lipi. Walipiga picha mbili, kushoto na kulia. Koleo ndiye aliyemwekea filamu mdomoni, na alipogusa gego la kushoto alimwona Mwalimu akikaza mguu. Daktari alikuwa na haraka. Akazichukua filamu mwenyewe zikiwa bado zina maji, akazitundika. Picha moja ilionyesha ubovu uliokula mpaka mzizini. Nyingine ilikuwa safi. Daktari akatia ganzi kulia.

Koleo aliziangalia zile pembe. Hakukuwa na vipele. Kulikuwa na vishimo viwili, vinamtazama kama macho ya kuku.

"Nikachukua kioo," alisema, akimrekebishia msafiri bomba la mate. "Nikagonga mara moja."

Daktari akainua macho. Alimtazama kwa kitambo, akingojea. Koleo akainamisha macho kwenye sinia, akasogeza shashi ambayo haikuhitaji kusogezwa. Daktari akashika koleo lake.

Gego lilitoka kwa shida, kwa sababu lilikuwa zima. Mizizi yake miwili ilikuwa misafi kama iliyooshwa. Walilitazama wote wawili juu ya shashi, na hakuna aliyeimba puani. Mwalimu, nusu ya mdomo imekufa ganzi, aliwashukuru.

Siku tatu baadaye alirudi na maumivu yaleyale, upande wa kushoto, na likang'olewa na hilo. Kisha akaandika kwa baraza la matabibu kutaka maelezo. Hakuwa mtu wa kelele, lakini hakuwa mjinga. Fomu ya maelezo ilipokuja, ilikuwa na mstari unaouliza nani alitundika picha. Daktari alifunga mlango, akamkalisha Koleo kwenye kiti cha mgonjwa, kwa kuwa hakukuwa na kingine.

"Kwa kawaida," alimuuliza, "nani hutundika picha hapa?"

"Mimi."

"Basi sikuambii uandike uongo. Andika kawaida."

Koleo akaandika: kwa kawaida ni mimi ninayetundika picha. Hakulazimishwa. Alijiambia kwamba ana hatia nusu, na hiyo ilikuwa sentensi ya nusu, kwa hiyo zinalingana. Daktari akachukua kalamu ileile, akafungua droo, akatia sahihi barua yake.

Hapo Koleo alitoa pamba mdomoni mwa msafiri, moja moja, na kuzihesabu kama ilivyo sheria. Kisha akamwonyesha zile karatasi mbili. Ya kwanza ilisema ombi lake limeangaliwa. Kwamba kwa kuwa kumbukumbu zake katika baraza zina kosa la kuchanganya pande, hawezi kufikiriwa kwa miaka mitano. Kwamba chuo kinamtakia mafanikio. Miaka thelathini na minane na mitano, hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili anaiweza. Karatasi ya pili ilikuwa nakala ya barua ya Daktari, iliyorudishwa pamoja na vyeti vyake, na ndiyo mara ya kwanza anaisoma. Ilikuwa barua nzuri. Ilisema ni mwaminifu, msafi, mwepesi wa mkono. Ilisema: anajua wakati wa kunyamaza.

Msafiri alikaa akiwa na karatasi mkononi. Katika lugha zake sita hakupata neno, akauliza tu, "Ungegonga mara mbili, angesimama?"

"Hilo ndilo silijui. Angesimama, Mwalimu angekuwa na jino lake na mimi ningekosa sahihi. Asingesimama, kosa lingekuwa lake mwenyewe. Lakini mimi nilichagua mara moja, ili nikiulizwa niseme niligonga, na nisipoulizwa iwe sikugonga." Akazima taa ya kiti. "Njoo Ijumaa. Usitafune upande huo."

Alhamisi alifunga mapema, akaenda kwa Mwalimu. Alimkuta mezani anachovya mkate kwenye chai, anausubiri ulainike, kwa kuwa sasa hakuwa na pa kutafunia upande wowote. Mwalimu hakumsaidia. Alimwacha Koleo aseme yote, kuanzia vishimo mpaka kioo mpaka ile sentensi ya "kawaida", na Koleo akasema akiwa amesimama mlangoni, kama Mwalimu mwenyewe alivyosimama mlangoni kwao zamani.

"Na baraza lilimwamini yeye," Mwalimu alisema mwishowe. "Meno ya mbwa hayaumani. Ulinigongea mara ngapi?"

"Mara moja."

"Siku ile ungeweza kugonga mara mbili. Ungeweza kusema kwa mdomo wako. Ungeweza kumshika mkono. Chaguo tatu." Akachovya mkate tena. "Mpaka leo hujui kujaza fomu, mwanangu."

Koleo alisema ataliandikia baraza ukweli wote, hata sehemu yake. Mwalimu akamwambia aandike kama anataka, lakini asiseme anaandika kwa ajili yake, maana jino lake halisomi barua. Koleo akasema kwamba yupo fundi wa meno ya bandia, mji wa pili, ambaye tangu zamani amekuwa akimtaka akafanye naye kazi. Atakapofika huko, la kwanza atakalotengeneza litakuwa la Mwalimu.

"Jino la pembe si dawa ya pengo," Mwalimu alisema. Kisha, kwa sauti ya chini kidogo: "Umekuja ili nipone mimi, au upone wewe?"

"Sijui, Mwalimu."

"Basi kaa unywe chai. Inapoa."

Alikaa. Waliinywa, na alipoondoka Mwalimu hakumsindikiza, ila hakufunga mlango mpaka alipopinda kona.

Ijumaa Daktari alifika saa tatu na nusu akiimba puani, akakuta bahasha mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa ya kuacha kazi. Aliisoma, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Alikuwa amekwisha kusikia habari za chuo, akampa pole, akasema kazi yake ipo palepale, nani amemfukuza? Ataishi vipi mtu wa umri wake akianza upya? Koleo akamwambia anakwenda kwa fundi wa meno ya bandia. Kule ukikosea upande, unatengeneza lingine.

Daktari akafungua bahasha ya pili. Ilikuwa nakala ya barua ambayo Koleo alikuwa ameipelekea baraza kwa posta asubuhi hiyo, mistari minne tu: Daktari ndiye aliyetundika. Mimi niliona. Niligonga mara moja. Nilijua kwamba mara moja si kitu.

Akaisoma mara mbili. Uso wake haukukasirika. Ulizeeka kidogo tu.

"Unajimaliza mwenyewe," akasema.

"Nimeshakwisha, Daktari."

"Na mimi? Miaka kumi na mitano, binti yangu."

Mgonjwa alikuwa ameshalala kwenye kiti, msafiri wa watu, viatu vyake vya vumbi vimeelekea dirishani, na wote wawili walinyamaza kwa ile desturi ya kutobishana mbele ya mgonjwa. Daktari akaenda kunawa mikono. Ilimchukua muda mrefu.

Koleo alifanya la mwisho. Alipanga vifaa juu ya sinia kwa utaratibu wake, kioo upande wa kulia. Akaitundika picha ya msafiri kwenye taa, akamshika mgeni mkono na kukipeleka kidole gumba chake kwenye pembe ya filamu, mpaka akakisikia kipele.

"Kikikutazama wewe, uko salama," akamwambia kwa sauti ndogo. "Akikuuliza jino lipi, usimwambie kwa maneno. Weka kidole."

"Na nikikuta kishimo?"

"Gonga sinia. Mara mbili. Ya moja haina maana."

Akavua aproni, akaikunja, akaiacha kwenye kiti cha plastiki katika chumba cha kungojea, ambako leo walikuwa wanne na kila mmoja alimsihi mwenzake atangulie. Wakamwuliza anakwenda wapi. Akasema anakwenda stendi. Mmoja, mzee mwenye kitambaa kimefungwa kuzunguka taya, akauliza atarudi saa ngapi. Koleo akamwambia aingie baada ya mgeni, asiogope, sindano ya Daktari haiumi.

Alikuwa ameshafika kwenye geti, begi moja mkononi, ndipo sauti ya chuma kwenye sinia ilipomfikia kupitia dirishani. Ko. Mguu wake ulisita kwa mazoea ya miaka kumi na mitano, na akabaki ameshika komeo, akingojea ya pili. Ndani, msafiri alikuwa amelala chali mdomo wazi, na Daktari ameinamia taa. Kisha Koleo akakumbuka kwamba mlio mmoja ni kifaa kilichowekwa chini tu, akavuta geti nyuma yake, akapanda na ukuta kuelekea banda la fundi wa matairi, ambako basi lilikuwa limeshawasha injini.